37 ni namba ya kubadilishia, si ukubwa wa dozi

Ndugu mwandishi, hapo ulipoandika kwamba mgonjwa aliyepewa dawa ya mionzi, iodini ya megabekereli 370, amepata "mara 37 zaidi" ya yule wa milikyuri 10, umekosea, na kosa hilo linatisha watu bure. Ni kiasi kile kile cha mionzi, kimeandikwa kwa vipimo viwili tofauti. Milikyuri 1 ni megabekereli 37, basi 10 ni 370.

Nasema kwa uchungu kwa sababu mama yangu, hapa Ngamiani, Tanga, alitibiwa rovu kwa iodini-131. Cheti kimoja kiliandikwa milikyuri 10, kingine megabekereli 370. Alikaa barazani na vyeti mapajani, akidhani amezidishiwa dawa, hata chai hakuigusa. Nikachukua daftari la mdogo wangu, nikazidisha 10 kwa 37 mbele ya macho yake, mara mbili, ndipo akashusha pumzi.

Bekereli 1 ni atomu moja kuvunjika kwa sekunde. Kyuri ni kipimo cha zamani kilichotokana na gramu 1 ya radiamu, ndiyo maana ni kikubwa mno: bekereli bilioni 37. Milikyuri ni sehemu moja ya elfu ya kyuri, na megabekereli ni bekereli milioni moja. Siveti msiichanganye humo, hiyo hupima athari ya mionzi mwilini. Tafadhali rekebisheni leo leo, kabla habari haijasambaa WhatsApp.