Eksaji: ya Likong'o si ya boila la korosho

Chukua boila la kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara. Maganda yanaungua, mvuke unakwenda kulainisha korosho ghafi kabla ya kubanguliwa. Tuseme asilimia 80 ya joto la moto linaingia kwenye mvuke. Anayehesabu nishati atapiga makofi, anayehesabu eksaji atanuna.

Eksaji, neno alilolibuni Zoran Rant mwaka 1956, ni kazi (kama ya kuzungusha mashine) inayoweza kupatikana kutoka kwenye nishati ikilinganishwa na mazingira yake. Hewa ikiwa nyuzi 30, joto la moto wa nyuzi 1,200 lina uwezo wa kutoa kazi karibu asilimia 80. Likishaingia kwenye mvuke wa nyuzi 150, uwezo huo unabaki kama asilimia 28. Ni kama korosho za daraja la kwanza kuuzwa kwa bei ya daraja la pili: magunia ni yale yale.

Wanaoipuuza eksaji wana hoja. Kiwanda kinataka mvuke, na kuiokoa eksaji hiyo kunahitaji boila la shinikizo kubwa na tabo (mashine inayozungushwa na mvuke ili itoe kazi), mitambo ghali kwa kazi ya msimu. Mabomba yanayovuja na maji moto yanayomwagwa bure huonekana hata kwa hesabu ya kawaida ya nishati. Hapa nipo upande wao.

Likong'o, Lindi, panaposubiriwa mtambo wa LNG, yaani wa kugeuza gesi asilia kuwa kimiminika, nahama upande. Gesi hupoozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Kwa mashine kamilifu, kuondoa kizio kimoja cha joto kwenye nyuzi sifuri kunadai kazi ya vizio 0.11, na huko chini kabisa, vizio 1.73, yaani karibu mara 16. Hesabu ya nishati huviona vizio hivyo viwili sawa! Ndiyo maana wasanifu hutengeneza kipoozeo kwa kuchanganya naitrojeni, methani, ethani na propani, ili mchanganyiko uchemke hatua kwa hatua ukifuatana na gesi inavyopoa, pengo la joto kati yao likibaki dogo, maana pengo kubwa ndilo linalopoteza eksaji. (Jua letu nalo lina gharama: mazingira yangekuwa ya nyuzi 5, ile 1.73 ingeshuka hadi 1.5.)

Ila jedwali la eksaji, linaloonyesha kila sehemu ya mtambo inapoteza kiasi gani, halina bei. Ukipunguza pengo la joto kwa nusu, eneo la kibadilisha joto (kifaa ambamo gesi humpa kipoozeo joto lake) linakaribia kuongezeka maradufu, na chuma hicho kinanunuliwa. Tena namba kubwa kwenye jedwali mara nyingi ni ya mwako wenyewe, ambao huwezi kuufanya mengi. Mhandisi kijana akiikimbilia hiyo atapoteza miezi, huku hasara inayotibika imejificha kwenye vali inayoshusha shinikizo bure, mahali ambapo tabo ndogo ingevuna kazi.

Kwa hiyo kwenye meza ya mazungumzo ya mtambo wa Likong'o ningedai jedwali hilo, na safu ya gharama pembeni yake, kabla michoro haijafungwa. Gesi inayochomwa kuendesha kompresa, mashine zinazokandamiza kipoozeo, inatoka kwenye visima vile vile, na hiyo haipandi meli kwenda kuuzwa.