Muziki wa mapaki ya burudani: tatizo sio bei ya dukani, ni ile idadi

Kila likitoka tangazo la santuri mpya ya muziki wa mapaki ya burudani, yaani ule muziki unaousikia ndani ya Haunted Mansion, ile nyumba ya mizimu pale Disneyland, au ndani ya Droomvlucht, ule mchezo wa ndotoni kwenye paki ya Efteling kule Uholanzi, ugomvi unaanza ule ule. Mmoja anasema dola 40 kwa santuri moja ni wizi wa mchana kweupe. Mwingine anamjibu kama huna hela si uache. Siku mbili tatu mzigo umekwisha, walanguzi wameshapandisha mara tatu ya bei, na wale wawili waliokuwa wanarushiana maneno wote wametoka mikono mitupu. Mi nina jambo moja tu na naona watu hawalisemi kwa nguvu inayotakiwa: bei ya dukani sio ishu. Ishu ni ile idadi inayopangwa mezani kabla hata shabiki mmoja hajaulizwa, nakala 500, nakala 1000, basi, zikiisha zimeisha.

Kuna atakayesema mbona hayo yapo kwenye muziki wote. Yapo ndiyo, lakini msanii wa kawaida akitoa santuri ya rangi ya dhahabu na ukaikosa, umekosa rangi tu, nyimbo zenyewe unazo kwenye simu. Huku kwetu mara nyingi ukiikosa santuri umeukosa na muziki wenyewe. Mchezo wa Horizons ulifunguliwa EPCOT, paki mojawapo ya Walt Disney World kule Florida, mwaka 1983 ukafungwa 1999, jengo likabomolewa, hakuna pa kwenda kuusikiliza ule muziki tena hata uwe na hela kiasi gani. Space Mountain, ile rolakosta ya Disneyland Paris, ilipofunguliwa 1995 ilikuwa na muziki wa Steve Bramson unaopigwa kutoka kwenye kiti chako ukiwa unapanda, treni inafyatuliwa na okestra inafyatuka nayo, kitu ambacho kwenye rolakosta wakati ule kilikuwa kigeni kabisa, halafu 2005 wakaubadilisha na safari ikawa nyingine. Wapo watu wazima leo ambao utoto wao uko ndani ya dakika zile chache. Sasa mtu kama huyo ukimwambia zipo nakala 500 dunia nzima na zinauzwa Ijumaa saa nne asubuhi, unamwambia nini hasa?

Na kiu hii sio ya juzi. Kuna mashabiki wamekuwa wakirekodi muziki huu kwa miaka mingi kupitia vile vifaa vya kusaidia wageni wenye usikivu hafifu, kwa sababu pale sauti inakuja safi bila kelele za watu na mitambo, halafu wanakaa usiku kucha kuunganisha vipande ili mtu aliye mbali asikie safari nzima kuanzia mlangoni. Wanafanya bure. Mimi watu hawa nawaheshimu sana, na naona kampuni yoyote inayotaka kujua mahitaji ni makubwa kiasi gani ingeanza kwa kuangalia kazi yao.

Sasa turudi kwenye bei ya dukani, maana hapa nakosana na mashabiki wenzangu. Wengi wanadhani kutoa muziki wa paki ni kuchukua faili na kulibandika kwenye santuri. Hapana jamani. Muziki huu haukutungwa kuwa na mwanzo na mwisho. Ule wimbo wa Haunted Mansion alioutunga Buddy Baker na maneno yake akaandika X Atencio haupigwi mara moja kutoka juu mpaka chini, umetawanywa kwenye nyumba nzima, kwenye kinanda cha ukumbini unausikia namna hii, makaburini unausikia namna ile, na wewe ndo unayetembea ndani yake. Ule wa ndugu Sherman wa It's a Small World, ile safari ya boti ya Disney, umetungwa hivi kwamba beti na kiitikio vinaweza kupigwa kwa pamoja bila kugongana, kwa sababu boti inatoka chumba kimoja inaingia kingine na sauti zinapishana njiani. Main Street Electrical Parade, yale maandamano ya taa ya Disneyland yaliyoanza 1972, kila gari la maandamano lilibeba muziki wake, na yote yakaenda kwa mwendo mmoja juu ya ule wimbo wa Jean-Jacques Perrey na Gershon Kingsley. Mtu akitaka kukupa haya kwenye santuri inabidi atafute kanda za asili, zingine zina umri wa miaka hamsini na zaidi, azisafishe, halafu aamue wewe msikilizaji umesimama wapi kwenye chumba. Hiyo ni kazi ya fundi na fundi analipwa.

Hapo sijagusa haki. Ule muziki wa mitaani ndani ya paki, unaojirudia saa nzima ukiwa unatembea, mara nyingi umekusanywa kutoka rekodi za watu wengine kabisa, na kila moja ina mwenyewe wa kuombwa ruhusa, na mmoja akikataa au akitaka hela nyingi basi kipande kizima kinaachwa. Marekani wanamuziki wa okestra wana chama chao na kuna malipo rekodi yao ikitumika upya, ndo maana hata lebo za muziki wa filamu kama La-La Land na Intrada zimezoea kwa miaka kutoa nakala 1000, 2000 au 3000 hivi. Na santuri yenyewe, kukata lakeri, ile sahani ya mwanzo ambayo muziki unachongwa juu yake, na kutengeneza zile sahani za chuma za kugandamizia kunagharimu karibu kile kile utoe nakala 300 au 1000. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters kule California kikaungua, na duniani vilikuwepo viwili tu vya kutengeneza zile lakeri, kingine Japani, halafu ikaja korona na foleni za viwandani zikawa za miezi na miezi. Kwa hiyo mtu akinitajia dola 40 au 50 kwa santuri mbili zenye kitabu, picha na maelezo yaliyoandikwa na anayejua, mi nalipa na sinung'uniki.

Lakini angalia hesabu inavyokwenda. Gharama kubwa ni zile za mwanzo, na zinagawanywa kwa idadi ya nakala. Ukitoa chache kila moja inakuwa ghali, ukitoa nyingi kila moja inashuka. Maana yake idadi ndogo inamuumiza shabiki mara mbili, kwanza analipa zaidi dukani, pili anakosa na kwenda kulipa zaidi tena kwa mlanguzi. Na hapo kwa mlanguzi senti haiendi kwa mtunzi wala kwa warithi wake, haiendi kwa fundi, haiendi hata kwa hiyo kampuni. Nashindwa kuelewa kampuni inayoona santuri yake ya dola 40 inauzwa 150 wiki inayofuata na kuona ni sifa. Hiyo ni 110 iliyokuwa mfukoni mwa shabiki wako, tayari kutumika kwako, na ukaipeleka kwa mtu ambaye hata hajui Droomvlucht ni nini.

Lebo ndogo ya watu wawili watatu naielewa, ikikosea makadirio imekufa. Ninaowalaumu ni wakubwa, wanaojua fika wateja wapo na bado wanaichagua idadi ndogo kwa sababu yale maneno "toleo maalum" yanauza yenyewe. Halafu wengine wanaongeza na sharti la kuuzwa ndani ya paki peke yake, kwa hiyo lazima uwe Anaheim ilipo Disneyland, au Kaatsheuvel ilipo Efteling, au Urayasu ilipo Disney ya Tokyo, siku hiyo hiyo, au umjue mtu, au umlipe mtu akupangie foleni, na hapo bado usafirishaji na ushuru. Muziki ambao ungefika kwa mtu yeyote unafungiwa getini.

Na ile hofu kwamba ukiuweka mtandaoni hakuna atakayenunua santuri, mi siioni kwenye hali halisi. Efteling muziki wake upo kwenye kustrimu na bado watu wanataka diski. IMAscore, ile kampuni ya Ujerumani inayotunga muziki wa mapaki mengi ya Ulaya, imeweka kazi zake huko huko na imejijengea mashabiki ambao baadhi yao hawajawahi kukanyaga hata paki moja kati ya hizo. Suite ya Galaxy's Edge, kipande cha okestra alichokitunga John Williams kwa ajili ya eneo la Star Wars ndani ya paki za Disney, ilitoka kidijitali 2019, eneo lenyewe halijafunguliwa bado, na mwaka 2020 ikachukua Grammy. Watu waliipenda kwanza, hamu ya kuwa nayo mkononi inafuata. Marekani kwenyewe mwaka 2022 santuri ziliuzwa nakala nyingi kuliko sidii kwa mara ya kwanza tangu 1987, na hiyo ni nchi ambayo karibu kila mtu ana strimingi mfukoni.

Kwa hiyo ninachodai ni hivi. Fungueni oda kwa muda, sio kwa idadi. Wiki mbili, wiki tatu, kila anayetaka alipe, mkifunga mnahesabu na kugandamiza zile zile zilizolipiwa. Hakuna mzigo wa kulala stoo, hakuna wa kukosa, na zile programu za kununua kwa kasi zinakuwa hazina kazi maana hakuna cha kuwahi. Tutasubiri miezi sita? Tutasubiri. Watu waliosubiri miaka ishirini tangu mchezo wao wapendao ufungwe hawashindwi na miezi sita. Mkitaka kuzipiga namba zipigeni, mkitaka rangi ya tofauti kwa wanaonunua ndani ya paki sawa kabisa, ila muziki wenyewe siku hiyo hiyo uwe mtandaoni kwa anayetaka kusikia tu.

Wapo wakusanyaji wenzetu watakaosema mkifanya hivo thamani ya tulivyonavyo inashuka. Hapa sitapaka mafuta. Ile santuri ya Haunted Mansion ya mwaka 1969, yenye hadithi na kitabu cha picha ndani, imetolewa upya zaidi ya mara moja, na nakala ya kwanza iliyotunzwa vizuri bado inatafutwa, kwa sababu anayeitafuta anataka kile karatasi na ile wino ya wakati ule. Toleo jipya halijamnyang'anya kitu. Kama thamani ya rafu yako inasimama kwa sababu tu mwingine kanyimwa kusikia, basi unachokusanya sio muziki.

Na msiniambie teknolojia haipo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 Disneyland na Walt Disney World walikuwa na vibanda humo humo ndani, unachagua nyimbo zako kutoka kwenye orodha, zikiwemo za michezo ambayo haipo tena, mashine inakuchomea sidii na kuprinti kava, unaondoka nayo. Ilikuwa ni kutengeneza kwa oda kabisa, nakala moja kwa mtu mmoja. Baadaye 2005, Disneyland ilipotimiza miaka 50, wakatoa boksi la sidii 6 lenye historia ya muziki wa pale, kazi ya kupendeza kweli, na mpaka leo mi naona ndio kipimo cha jinsi hii kitu inavyotakiwa kufanywa. Ikaisha ikapanda bei kama zote. Ila iliwezekana, ndo ninachosema.

Mpaka hao wakubwa wabadilike, tununue kwa akili. Wiki ya kwanza baada ya mzigo kuisha usiguse kitu, bei za wiki ile zinawekwa na wanaopima joto la watu, na mara nyingi oda zilizoshindikana malipo zinarudi dukani kimya kimya. Ukiwa Discogs, lile soko la mtandaoni la santuri na sidii, usiangalie anachodai muuzaji, angalia historia ya zilizouzwa kweli, na uangalie na mara ngapi, maana kitu kilichouzwa mara mbili tu hakina bei ya soko bado, kina bei ya watu wawili. Na zile sidii za kwenye vibanda muwe nazo makini sana. Zile zilichomwa kama sidii ya nyumbani, hazikugandamizwa kiwandani, na rangi inayoshika data inazeeka, kwa hiyo kava linaweza kuwa jipya kabisa na ndani hamna kitu. Kabla ya kutuma hela mwombe muuzaji aiweke kwenye kompyuta anakili nyimbo zote mpaka ya mwisho, zikisoma bila kukwama ndo muanze kuongea bei.