Kabla Tanuru la Kioo Halijawashwa Mwanza

Mimi nanunua chupa. Chupa chakavu, nzima na vipande: za bia, za soda zilizokatika shingo, za pombe kali, za dawa ya kikohozi. Vijana wananiletea kwa mikokoteni kutoka Mabatini, Igogo na Kirumba, tunapima kwa kilo, kisha tunazitenga kwa rangi. Nyeupe huku, kahawia kule, kijani pembeni. Zikijaa lori zinakwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100, kwa sababu huko ndiko kwenye tanuru la kuziyeyusha. Nauli inakula karibu faida yote. Kwa hiyo mtu akisema kijiweni kwamba Mwanza inastahili kuwa na kiwanda chake cha chupa, mimi ndiye wa kwanza kupiga makofi.

Na hoja hiyo hairushwi hewani. Bia inatengenezwa hapa, soda inajazwa hapa. Chupa inatoka Dar ikiwa tupu, inasafiri siku mbili ikiwa imebeba upepo, ndipo inajazwa Mwanza. Upande wa pili wa ziwa, Uganda, fukwe za Diimu na Bukakata zina mchanga mweupe ambao wataalamu wa madini wanaufahamu miaka mingi kuwa unafaa kwa kioo. Ipo siku mwekezaji atapiga hesabu hizo hizo tunazopiga kijiweni, atakuja, na atakaribishwa kwa ngoma. Mimi nitacheza. Ila nataka kitu kimoja kitangulie ngoma: kanuni za moshi wa tanuru lake ziandikwe, zisainiwe, na zijulikane mtaani kabla ya moto kuwashwa. Zikija baada ya moto, tumechelewa miaka kumi na zaidi.

Nieleze ninachomaanisha, maana wengi tunadhani tanuru la kioo ni kama tanuru la matofali, ukichoka unalizima.

Kioo mapishi yake ni mepesi: mchanga, magadi na chokaa. Magadi yenyewe ni ndugu wa hayo hayo ambayo mama zetu wanatia kwenye maharage yaive upesi. Kenya wanayavuna Ziwa Magadi, na kampuni ya kazi hiyo iliundwa mwaka 1911. Mchanga peke yake unataka joto la nyuzi kama 1,700 za Selsiasi ndipo uyeyuke. Ukiutia magadi unalegea kwenye 1,500 na kidogo. Yaani kiwandani magadi yanafanya kazi ile ile ya jikoni, kulainisha kilichokaidi.

Tatizo ni huo moto. Hewa tunayovuta, asilimia 78 ni naitrojeni, gesi pole isiyomsumbua mtu. Ipitishe kwenye moto mkali namna ile, inalazimika kushikana na oksijeni, na zinazaliwa oksidi za naitrojeni, ambazo zinachoma mapafu. Kisha kuna salfa. Inatoka kwenye mafuta mazito yanayochomwa, na inatoka pia kwenye salfeti ambayo mafundi wanatia makusudi ili mapovu yatoke ndani ya kioo. Chupa ya bia ya kahawia hupata rangi yake kwa chuma, salfa na kaboni. Halafu magadi yenyewe: sehemu yake hugeuka mvuke juu ya kioo kilichoyeyuka, hukutana na salfa njiani, na hutoka juu ya dohani kama vumbi laini kupita unga wa muhogo, chembe ambazo hata jicho halizioni vizuri. Sisi wa Mwanza tumezoea kuogopa moshi mweusi. Moshi wa kioo unaweza kuonekana msafi kabisa, na hapo ndipo mtu anapodanganyika.

Ukisikia kiwanda cha Dar kinafanya kazi hiyo hiyo, kumbuka kule kuna gesi ya Songo Songo iliyofika mjini tangu 2004. Gesi ina afadhali kubwa upande wa salfa. Huku kwetu bomba la gesi halijafika. Mwekezaji wa leo angechoma nini? Mafuta mazito, labda makaa ya mawe. Wapo watakaosema tanuru la umeme, na kweli tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, na tanuru la umeme hupunguza sana hizo oksidi. Ila umeme ukikatika kwa saa nyingi, kioo kinaganda ndani ya tanuru kama ugali uliosahaulika sufuriani, na hapo hasara si ya kulala nyumbani.

Ndiyo maana moto haulali. Tanuru la chupa likishawashwa linawaka usiku na mchana, Idi na Krismasi, miaka 10 hadi 15, mengine zaidi. Ukilipoza matofali yanapasuka. Kwenye matanuru ya kawaida moto wenyewe unabadilishwa upande kila baada ya dakika 20 hivi, ili matofali ya upande mmoja yashike joto la moshi na kulirudisha kwa hewa inayoingia. Ufundi mzuri sana, nimewahi kueleweshwa na fundi mmoja nikasahau kunywa chai yangu. Lakini angalia maana yake kwa mtu wa sheria: kubadilisha mfumo wa kuchoma, kuhamia oksijeni tupu badala ya hewa, kujenga upya, yote hayo yanafanyika kwa wepesi pale tu tanuru linapojengwa au linapokarabatiwa mwisho wa maisha yake. Ukiruhusu tanuru bovu liwashwe mwaka huu, umeliruhusu mpaka mtoto aliyeko chekechea amalize kidato cha nne.

Sasa ziwa. Hapa ndipo ninapopishana na wenzangu wanaosema, "Mwanza kuna upepo bwana, moshi utapeperushwa." Utapeperushwa kwenda wapi? Kila mvuvi anajua: mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Mchana moshi wa Nyakato au Igoma utapanda milimani walikojenga watu juu ya mawe. Usiku utashuka ziwani. Na usiku huo huo pepo za nchi kavu kutoka pande zote zinakutana juu ya maji, zinainua mawingu, inazaliwa mvua ya radi ile inayoua wavuvi. Ziwa Victoria linapata kama asilimia 80 ya maji yake kwa mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Mito yote, Kagera ikiwemo, inachangia kilichobaki. Ziwa hili linanywa kutoka juu. Watafiti walipopima naitrojeni na fosforasi zinazolirutubisha ziwa kupita kiasi, walikuta sehemu kubwa inashuka kutoka hewani, hasa kwa moshi wa kuchoma nyasi na vumbi la mashamba. Maji yanayogeuka kijani kama supu ya mlenda, yale tunayolaumu mifereji ya Mirongo peke yake, yana mkono wa anga pia. Oksidi za naitrojeni zikishuka na mvua ni mbolea. Na maji ya kunywa ya jiji tunayavuta Capri Point.

Miaka ya nyuma nilikaa karibu na kiwanda kimoja, sikitaji, hakikuwa cha kioo. Jirani yangu alikuwa mama mmoja anayeanika dagaa. Asubuhi moja nampita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu njoo uone."

Dagaa walikuwa na vidoa vyeusi kama wamenyunyiziwa pilipili manga. Shuka zilizoachwa kwenye kamba usiku zilikuwa vivyo hivyo. Tulikwenda kulalamika. Baada ya wiki kadhaa wakaja maofisa wawili, saa nne asubuhi, wakatazama dohani, likawa linatoa moshi mwembamba wa kistaarabu. Wakaandika. Mama akawauliza, "Na usiku je?" Hakuna aliyejibu. Swali la yule mama ndilo ninalolibeba mpaka leo kila nikisikia neno ukaguzi.

Sheria tunayo, tusijidharau. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa ni za 2007, mradi mkubwa hauanzi bila tathmini ya athari kwa mazingira, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza. Ninachotaka ni masharti ya kioo yenyewe, yaliyoandikwa na mtu anayejua tanuru. Ulaya wana kurasa nyingi kwa kioo peke yake tangu 2012: vumbi la tanuru la chupa lisizidi kati ya miligramu 10 na 20 kwa mita ya ujazo, oksidi za naitrojeni kwa tanuru lililorekebishwa uchomaji wake zikae kati ya 500 na 800. Hata hapo pana ujanja. Ukipima kwa mita ya ujazo tu, mjanja anafungulia feni, anaongeza hewa safi kwenye dohani, namba inashuka wakati uchafu ni ule ule. Ni kama muuza maziwa anayeongeza maji halafu anakuambia mafuta yamepungua. Wenzetu wanaziba tundu hilo kwa kuhesabu oksijeni iliyomo kwenye moshi. Mimi ningeongeza kipimo cha uchafu kwa kila tani ya kioo kilichoyeyushwa, maana tani haiongezwi maji.

Tundu jingine liko kwenye maneno, na hili lilitokea Portland, Oregon, Marekani. Watafiti wa misitu walikusanya sampuli 346 za ukoga ule wa kijani unaoota kwenye miti ya mjini, wakapima metali zilizomo. Ramani ikaonyesha kadimiamu, metali yenye sumu, imerundikana kuzunguka viwanda vya kioo cha rangi. Habari ilipotoka mapema 2016, watu wakauliza sheria ilikuwa wapi. Sheria ilikuwepo. Ila kanuni ya shirikisho iliwabana wenye matanuru yanayowaka mfululizo, na kiwanda kilijihesabu kuwa cha matanuru ya kupika mkupuo kwa mkupuo, kwa hiyo vichujio havikuhitajika. Neno moja tu, mfululizo, na kadimiamu ikapita katikati yake. Jimbo likatunga kanuni za dharura mwaka huo huo, na 2018 likaweka mpango mzima wa hewa. Nikiyatazama mawe yetu ya Mwanza yalivyovaa ukoga, nawaza tuna maabara ya bure imesimama katikati ya mji na hakuna anayeisoma.

Marekani hao hao mwaka 2023 walitoa kanuni waliyoiita ya jirani mwema, ikiwabana pia wenye matanuru ya kioo, kwa kuwa moshi wa jimbo moja unaharibu hewa ya jimbo linalopokea upepo. Juni 2024 Mahakama ya Juu yao ikaisimamisha. Naitaja kwa sababu ya wazo lenyewe. Ziwa letu lina nchi tatu. Kenya walitunga kanuni zao za hewa mwaka 2014. Mvua iliyonyonya moshi wa Mwanza haitaomba pasipoti kabla ya kunyesha Ukerewe au ng'ambo ya mpaka.

Najua nitakachojibiwa: ukianza na masharti, mwekezaji atakwenda kwingine. Inawezekana. Lakini chujio na mfumo mzuri wa kuchoma vikiingizwa kwenye mchoro wa mwanzo vinaingia kwenye mkopo wa mwanzo. Vikidaiwa mwaka wa tano, mwenye kiwanda ataajiri mawakili, na hapo simlaumu sana. Masharti yanayojulikana mapema yanamsaidia hata yeye kupanga.

Tena kuna sharti moja ambalo lingemfaa yeye, likatufaa sisi, na nakiri lingenifaa mimi kuliko wote: kiwango cha chini cha chupa chakavu katika kila pishi. Vipande vya kioo vinayeyuka kwa joto dogo kuliko mchanga mbichi. Kila asilimia 10 ya chupa chakavu inaokoa karibu asilimia 3 ya nishati, na vipande havitoi ile kaboni inayofungwa ndani ya magadi na chokaa. Moto ukipungua, moshi unapungua. Mtaniambia natetea tumbo langu. Natetea, ndiyo. Ila chupa ya kreti inayorudi kiwandani, ikaoshwa na kujazwa tena, ni bora kuliko biashara yangu yote, na hilo nalisema bila kulazimishwa.

Kipimo kiwekwe kwenye dohani kinachosoma saa zote 24, na namba zake zibandikwe ofisi ya kata, ubaoni, karibu na matangazo ya chanjo. Za usiku ziandikwe kwa wino mwekundu. Yule mama wa dagaa bado yupo, siku hizi anaanika Igombe, na macho yake bado yanasoma vizuri.

Lori linaondoka Alhamisi. Za kahawia zimejaa, za kijani zimepungua magunia sita, na dereva ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama nauli nimeipata.