Kibatari kimesingiziwa, tuongelee mchana

Juzi msibani Nkuhungu, Dodoma, tumekaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwarobaini, ikaibuka ishu ya macho. Mamdogo mmoja alikuja na binti yake wa darasa la sita, kavaa miwani mizito, basi wazee wakaanza, mlikuwa mnamwachia asome na tochi ya simu usiku, ndo macho yamekwisha hivyo. Kuna kijana nesi akajaribu kusema mwanga hafifu hauharibu macho, akazimwa hapohapo, "we mtoto, sisi tumesoma na kibatari tunajua." Kichekesho ni kwamba wengi waliomzima wanaona mbali vizuri kabisa, basi lile likija la Kondoa wanasoma bango lake likiwa bado kule kwenye kona, wanachoshindwa ni kusoma meseji bila kunyoosha mkono, na hiyo ni umri tu, lenzi ya jicho ikishavuka arobaini inakakamaa hata kama ulikulia ikulu.

Nesi alionewa. Na mi sio daktari ila ngoja nimtetee.

Kaa barazani jioni jua likishazama, na gazeti mkononi. Kichwa cha habari unakisoma bado. Maandishi ya chini yanaanza kuwa kama siafu, afu kanga nyekundu iliyoanikwa kwenye kamba inageuka nyeusi wakati majani ya mpapai nyuma yake bado yanaonekana onekana. Hakuna kilichoharibika hapo, jicho limebadilisha zamu. Mchana zinapiga kazi seli zinaitwa koni, kama milioni 6, zimesongamana zaidi katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaodaka picha, hizo ndo zinajua rangi na herufi ndogo. Giza likiingia wanashika zamu seli nyingine zinaitwa fimbo, na hawa ni wengi mno, milioni 100 hivi, ila fimbo nyingi zinapeleka taarifa kwenye waya mmoja, kwa hiyo zinadaka hata kamwanga kadogo lakini hazikwambii kama hii ni e au c. Tena pale katikati kabisa fimbo hazipo. Ukiwa Bahi huko usiku, mbali na taa za mji, ikodolee nyota hafifu itakupotea, angalia pembeni yake kidogo inarudi.

Hata mchana wenyewe jicho lina mwisho wake. Ile 6/6 wanayokuandikia hospitali, watu wanadhani ni mia kwa mia, kumbe ni kawaida tu. Mdachi mmoja, Snellen, alitoa chati yake mwaka 1862, na kwa kipimo hicho ukiwa mita 6 unatakiwa usome herufi yenye urefu wa kama milimita 8.7. Vijana wengi wanapita hapo, ila hakuna anayepita sana, maana koni zina unene wake, haziwezi kubanana zaidi ya zilivyobanana, na mwanga wenyewe ukipita kwenye mboni unatawanyika kidogo. Jua kali mboni inabana mpaka kama milimita 2, gizani kwa kijana inafunguka mpaka 7 au 8, na ikishafunguka hivyo mwanga unapitia pembezoni mwa lenzi ambako haijanyooka vizuri, picha inachafuka. Kwa hiyo anayesoma na kibatari anabanwa kila upande, anakunja uso, hapepesi, macho yanawasha, kichwa kinagonga. Akilala akiamka yamekwisha. Ni kama miguu baada ya kupanda mlima, inauma ila haijavunjika. Mwaka 2007 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, liliwahi kuchapisha orodha ya imani za kitabibu zisizo na ushahidi, na hii ya kusoma kwenye mwanga hafifu ilikuwemo.

Sasa wazee nao wasidharauliwe. Mwanga ukiwa mdogo mtoto anavuta daftari mpaka puani, na kusoma kwa karibu masaa na masaa kunahusishwa na kutoona mbali, hapo wana pointi. Moshi wa kibatari nao hauna faida yoyote kwa jicho wala kwa kifua. Na mtoto anayejikwaa kila ikifika magharibi wakati wenzake wanacheza, huyo usimnunulie balbu, mpeleke hospitali, inawezekana vitamini A imepungua, fimbo zinaitegemea hiyo kutengeneza rangi yao ya kudakia mwanga. Mlenda wetu na mchicha vina kazi yake, tusiucheke.

Lakini mi kinachoninyima usingizi ni namba nyingine. Mwanga unapimwa kwa laksi. Mshumaa ukiwa mita moja kutoka kwenye karatasi unatoa laksi 1. Mbalamwezi pevu ni kama robo laksi. Nilipakua app ya kupima kwenye simu nikazunguka nayo nyumbani kama chizi, sebuleni saa sita mchana, pazia zimefungwa kuzuia joto, haikufika hata mia moja. Nikatoka chini ya mwembe, kivulini kabisa, ikaruka mpaka maelfu. Juani inaweza kufika laki. Yaani kutoka kwenye kochi mpaka kwenye mwembe ni hatua kumi na tano, jicho linapata mwanga mara hamsini au mia zaidi, na wewe mwenyewe huhisi tofauti kubwa kwa sababu jicho linajirekebisha, ndo maana hatujawahi kulihesabu hili.

Na lina uzito. Guangzhou, China, walichukua shule 12, nusu wakaongeza kipindi cha dakika 40 nje kila siku kwa watoto wa darasa la kwanza. Baada ya miaka mitatu, kwenye shule za kawaida watoto 39.5 katika kila mia walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, kwenye zile za kipindi cha nje 30.4. Mtu atasema ah, tisa tu. Tisa! Kwa madarasa yetu ya watoto mia hao tisa unawajua kwa majina, na dawa yenyewe ilikuwa kufungua mlango. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba mwanga mwingi unaifanya retina itoe kemikali inaitwa dopamini, na hiyo inazuia jicho lisirefuke kupita kiasi. Jicho likirefuka picha inaangukia mbele ya retina, ndo hapo ubao unakuwa ukungu.

Wapo watakaosema hao ni Wachina, watoto wetu wanacheza nje tayari. Wa kijijini ndio. Wa mjini, anatoka shule anaingia tuisheni, akitoka hapo ni katuni mpaka isha, sina uhakika anatofautiana sana na wa Guangzhou. Watasema pia jua la Dodoma ni kali, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na ni kweli miale yake inahusishwa na mtoto wa jicho na kile kinyama kinachoota kwenye weupe. Ndo maana nasema mwembe. Kivuli na kofia vinatosha, hakuna anayetakiwa kulitazama jua lenyewe, hilo linaunguza retina kweli, kama tulivyoonywa Septemba 2016 watu walipojaa Rujewa kuangalia kupatwa kwa jua. Na jicho likisharefuka halirudi, huyo ni miwani tu, hata akeshe bustanini.

Nilitaka nimwambie mamdogo haya yote palepale. Nikageuka, binti alikuwa ameshatoka kwenda kucheza rede na wenzake upande wa kivuli cha nyumba, miwani kaishika mkononi isidondoke. Mamdogo akamwona. "We, ingia ndani, jua litakumaliza macho," akampa na simu ili atulie.