Prosesa mbili au moja: kompyuta gani inamfaa mwenye steshenari?

Wiki iliyopita alinijia kijana mwenye steshenari Mwanakwerekwe, na simu mkononi ina picha mbili. Muuza mtumba mmoja wa mjini kampa kompyuta mbili achague kwa bei moja. Ya kwanza ni HP Z620, bonge la mashine, na ndani ina prosesa mbili za Xeon E5-2670 (prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta). Ya pili ni HP EliteDesk 800 G4, ndogo, yenye prosesa moja ya Core i5-8500. Akaniuliza, "Ami, kwa bei ile ile, mbili si bora kuliko moja?"

Swali lake lina msingi. Kila E5-2670 ina viini 8, yaani mafundi wanane ndani ya kibati kimoja, na kila kiini kinaweza kushika kazi mbili kwa wakati mmoja. Ukiziweka mbili, Windows inahesabu watendaji 32. I5-8500 ina viini 6 tu. Mtu akiona 32 kwa 6, kwa nini asishawishike?

Lakini tuangalie kinachofanyika steshenari kuanzia asubuhi. Barua ya Word, fomu ya kujaza mtandaoni, picha ya pasipoti, PDF ya kuchapisha, jedwali la Excel. Nyingi katika kazi hizi huenda hatua kwa hatua, na ya pili haianzi mpaka ya kwanza iishe. Niliwahi kukaa na maalim mmoja aliyeandaa matokeo ya skuli yake kwenye Excel, kwa makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, ya kupanga wanafunzi na kuwapa nafasi. Mashine ilikuwa ya prosesa mbili kama hiyo Z620. Skrini imeganda, maalim anapangusa jasho, nami nikafungua Task Manager nione kinachoendelea. Matumizi ya prosesa yalikuwa karibu asilimia 3. Gawa 100 kwa 32 utaipata hiyo 3: mtendaji mmoja anahangaika, 31 hawana la kufanya. Makro za Excel zinakwenda kwenye uzi mmoja tu, yaani mtendaji mmoja kwa wakati, na prosesa ya pili haina pa kuzishikia.

Katika kazi ya namna hiyo kinachotazamwa ni kasi ya kiini kimoja kimoja. E5-2670 ilitoka 2012, na ikijikaza hufika 3.3 GHz, yaani mipigo bilioni 3.3 kwa sekunde. I5-8500 ni ya 2018 na hufika 4.1 GHz, tena kwa kila mpigo inafanya kazi nyingi zaidi kwa sababu muundo wake ni mpya. Makro ya maalim ingemalizika mapema kwenye ile ndogo.

Gene Amdahl, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alilieleza jambo hili tangu 1967. Chukua kazi ya dakika 10 ambayo nusu yake haigawiki. Ukiongeza prosesa ya pili, utamaliza kwa dakika 7 na nusu. Hata ukiweka prosesa mia, hutoshuka chini ya dakika 5.

Wapenzi wa prosesa mbili wana hoja moja ninayoiheshimu sana, kwa sababu zamani ilikuwa kweli tupu. Wao hawakuzungumzia kasi tu, walizungumzia wepesi. Mwaka 1999 kampuni ya Abit ilitoa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya BP6, iliyokubali prosesa mbili za Celeron, za bei ya chini. Ukiweka Windows 98 juu yake, prosesa ya pili haionekani kabisa. Ukiweka Windows NT, zote mbili zinafanya kazi, na hapo raha yake: programu moja ikishika prosesa ikaing'ang'ania, nyingine ipo huru, mausi inakwenda na dirisha jengine linafunguka. Kwa mtu aliyezoea kompyuta kuganda kila anapochapisha, hiyo ilikuwa neema. Ila mwaka 2005 Intel na AMD zikaanza kuuza prosesa za mezani zenye viini viwili ndani ya kibati kimoja, na tangu hapo wepesi ule hauhitaji tena soketi mbili, yaani nafasi mbili za kuwekea prosesa. I5-8500 inakupa viini sita. Leo mashine ya steshenari ikiwa nzito, mimi hutazama kwanza RAM, kumbukumbu ya kazi zilizofunguliwa, kama ni GB 4, na diski kama bado ni ile ya kuzunguka. Weka SSD, diski isiyozunguka, na RAM ya GB 16, utadhani umenunua kompyuta nyingine.

Wapo ambao Z620 inawafaa. Anayechora nyumba na kuzirenda, yaani kuzigeuza picha kamili, kwenye programu ya Blender kwa nguvu ya prosesa ana kazi inayogawika vizuri mno: picha hukatwa vipande, kila kiini kinachukua chake. Hapo viini 16 vya zamani vinavishinda viini 6 vipya, na sina ubishi. Studio za harusi nazo hudhani ziko kundi hili, lakini nazishauri zipime kwanza. I5-8500 ina sehemu maalumu ya kukandamiza video, Intel wanaiita Quick Sync, na hizi Xeon hazina. Programu ya kuhariri ikiitumia, ile ndogo inaweza kutangulia.

Halafu kuna umeme, na huu ndio unaoniuma zaidi, kwa kuwa mwenye duka anaulipa kila mwezi bila kujua unakwenda wapi. E5-2670 moja imepangiwa wati 115, mbili ni 230. I5-8500 ni wati 65. Zikifanya kazi kwa nguvu zote saa nane, tofauti ni kama uniti 1.3 kwa siku, kwa prosesa peke yake. Zikipumzika tofauti hupungua, lakini moto wake upo, na chumba chenye paa la bati wakati wa kaskazi hakihitaji jiko la pili. UPS ndogo ya dukani, ile betri ya akiba, nayo inaweza isiibebe Z620 pale umeme unapokatika.

Windows pia. Toleo la Home linatumia soketi moja tu, hivyo ukiwekewa hilo prosesa ya pili ni pambo. Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na E5-2670 haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. I5-8500 imo. Linux, mfumo mwengine badala ya Windows, inakubali zote mbili, lakini wateja wa steshenari huleta mafaili ya Word yanayotakiwa yatoke kama yalivyo.

Kijana nilikwenda naye mpaka dukani, kwani picha hazitoshi. Nikaifungua Z620. Prosesa ya pili hukaa kwenye bodi yake peke yake, inachomolewa kwa mkono, ina feni yake na nafasi nne za RAM. Katika hizo nne, tatu zilikuwa tupu. Prosesa hizi husoma RAM kwa njia nne kwa pamoja, na ile ya pili ilikuwa imeachiwa njia moja. Ikikosa nafasi upande wake, inavuka kwa mwenzake kuomba, na kuvuka kunachukua muda. Muuzaji mwenyewe hakuwa akijua, na nilimwamini.

"Chukua ndogo, mwanangu," nilimwambia. Kaichukua, na tumekubaliana aongeze RAM mwisho wa mwezi. Z620 bado ipo pale. Nimempigia simu binti mmoja anayechora nyumba, nikamweleza hali yake yote, na kwamba akiinunua aje na vijiti vitatu vya RAM vinavyofanana na kile kilichomo kabla ya kuiwasha.