Kaka Kabanwa

Makonda wa Kosta za Arusha–Moshi hawana jina moja la kukuita. Ukiwa kijana wewe ni chalii, ukiwa na kitambi ni bosi, ukivaa tai ni mheshimiwa, na ukichelewesha nauli unarudi kuwa "wewe". Siku niliyokwenda Moshi kuposa tukaangukia konda wa Tanga. Watu wa Tanga mnawajua: hata akikukanyaga, anakusalimia kwanza. Kwake kila mwanamume alikuwa kaka. "Kaka, naomba usogee kidogo. Kaka yangu, huo mguu tuuingize ndani."

Angetuita machalii, suti isingeharibika.

Suti yenyewe ilikuwa ya rangi ya maziwa, ya kuazima, na mwenyewe alinikabidhi kwa vitisho. Kiti cha nyuma yangu alikaa Baba mdogo, mshenga wangu, mwalimu wa Kiswahili mstaafu, barua ya posa kaikumbatia kama kuku wa kuuza. Mzee huyu hawezi kuonyeshwa neno akalipita. Ukimwambia "habari", anakuuliza kama unajua hilo ni neno la Kiarabu.

Usa River wakapanda Waitaliano: baba, mama na katoto ka kiume ka miaka miwili hivi. Baba akasukumwa nyuma kabisa, mama akabanwa pembeni yangu na mabegi mapajani. Nikamwonyesha kwa mikono: lete mtoto nimpakate. Ndani ya Kosta mtoto wa mwenzio ni wa aliye karibu.

"Ahsante sana, kaka," konda akasema.

Mama akashtuka. Akamwinamia mwanawe, akamuuliza kwa sauti ya wasiwasi: "Cacca?"

Mtoto akatikisa kichwa. Konda, adabu zake zile, akaitika: "Naam, dada, nipo." Nyuma mama mmoja wa ndizi akapasua kicheko: "Jamani, huyu Mzungu kashakuwa mwenyeji, anamwita mwanawe kaka!"

Ikawa hivyo njiani. Konda akisema kaka wa dirishani afungue vioo, mama anamchungulia mtoto: "Cacca?" Akisema kaka mwenye gunia alivute, mama anampapasa suruali: "Cacca?" Tulipokaribia Maji ya Chai alikuwa ameshakata tamaa. Akapiga bati kama mwenyeji, gari likasimama, akashuka na mtoto mbio kuelekea nyuma ya kibanda. Abiria tukasubiri. Kuchimba dawa ni haki ya kila msafiri, hilo halina mjadala. Wakarudi bila dawa yoyote, mtoto analia "Babbo! Babbo!" na gari zima likamjibu, "Baba yako yupo nyuma, mwanangu, nyamaza." Hapo tulielewana vizuri kabisa, maana watu wa Toscana baba wanamwita babbo. Shida yetu ilikuwa neno moja tu.

Mtoto akarudi mapajani kwangu. Sasa mfikirie na yeye. Ameachishwa pampasi juzijuzi, kafundishwa nyumbani kwao kwamba likitajwa neno hilo kuna kazi ya kufanya, na tangu Usa River watu wazima wanamtajia neno lenyewe bila kupumzika. Boma Ng'ombe konda akasimama mlangoni akapaza sauti: "Nauli mkononi, kaka zangu! Kaka wa mbele! Kaka! Kaka!"

Mtoto akatii.

Nilihisi joto, kisha nikaona uso wa mama yake. Konda akanitazama suti, akanihurumia kwa dhati: "Pole sana, kaka."

Mtoto akamalizia.

Baba wa mtoto akapita juu ya magunia hadi nilipo, akaomba radhi kwa Kiingereza cha kuokoteza: neno mnaloitana humu, kwetu ndilo hilo lililoko kwenye suruali yako. Mimi nimesimama katikati ya gari miguu kando, nanuka, nasubiri mtu anipe maji. Baba mdogo akasimama pia, lakini si kwa ajili yangu. Macho yalimng'aa. Akauliza: ni kwenu tu?

Si kwao tu. Wahispania na Wafaransa husema caca, Wajerumani Kacka, na Kilatini cha Warumi kilikuwa na kitenzi chake, cacare. "Hata Julius Caesar?" Baba mdogo akauliza, na Mwitaliano akakubali kwamba hata Julius Caesar. Kisha Baba mdogo naye akapewa zamu yake: kwamba kaka yetu huenda tumeipata kwa Waajemi, ambao kwao huitwa hivyo ndugu au amu kutegemea mji, kwamba Wakurdi nao humwita hivyo kaka mkubwa, kwamba kwa Wahausa ni babu au bibi, kwa Wabulgaria dada mkubwa, kwa Wasweden keki, na kule New Zealand Wamaori wana kasuku wa jina hilo. "Keki!" mama wa ndizi akasema, akinitazama suruali.

Konda, aliyekuwa amesikiliza kwa unyenyekevu, akauliza sasa yule Kaká, mwanasoka wa Brazili, aliishije Italia. Swali la maana kuliko yote ya siku ile. Mwitaliano akaeleza kwamba jina lilitokana na mdogo wake kushindwa kutamka Ricardo, na kwamba kule Milan, alikocheza tangu 2003 hadi 2009 na kutwaa Ballon d'Or ya 2007, mkazo uliwekwa mwishoni: ka-KÁ. Sisi Waswahili mkazo tunauweka silabi ya pili toka mwisho, kwa hiyo tunatua palepale kwenye choo.

Moshi tukakimbilia duka la nguo karibu na mnara wa saa. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa makamo. Baba mdogo, bado kichwa kimejaa, akamwambia, "Kaka, tupatie suruali ya huyu." Yule bwana akacheka. "Mzee, kwa Kiswahili ahsante. Kwa Kigujarati kaka ni ndugu wa baba. Na mvi hizo, unanifanya baba yako mdogo?" Baba mdogo akatoa kalamu. Tukapoteza nusu saa nyingine. Suruali ikapatikana nyeusi, koti likabaki la maziwa.

Kibosho tulifika wakwe wameshakunywa mbege wakachoka. Faini ya kuchelewa ilikuwa imeshapangwa, ila mzee wa ukoo akataka kwanza sababu, iandikwe kwenye daftari. Mtori ulikuwa umeshapakuliwa, umeiva, mzito, na Baba mdogo akaona ndio wakati mzuri wa kueleza yote tangu Usa River, pamoja na rangi. Vijiko vikarudishwa mezani kimoja kimoja.

"Fupisha, mwalimu," mzee akamkatiza. "Aliyewachelewesha ni nani?"

"Ni kaka," Baba mdogo akasema.

Katibu akaandika. Na kaka wa binti, aliyekuwa uani anageuza mbuzi tangu asubuhi, akaitwa ndani kuja kujieleza.