Bei ikishuka ndipo nilipofungua daftari

Nimesoma makala moja ambayo mwandishi wake anashauri wawekezaji wadogo wakae kando hadi Soko la Hisa la Nairobi liinuke tena. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Mwaka 2021 hisa ya Safaricom ilipita shilingi 40. 2023 ikawa chini ya 15. Mimi nilinunua kule juu, nikaumia. Lakini ni katika hasara ile nilipoanza kuandika daftarini kabla ya kila oda ya kununua: nanunua kwa nini, kwa bei gani, nitauza lini. Hisa 100 tu kwa mara moja. Nikajifunza kumtajia dalali wa hisa bei yangu ya mwisho, nisiyoshuka chini yake nikiuza, maana soko likipoa wanunuzi huadimika na wauzaji wenye haraka hupunjwa. Pesa ya karo sikuigusa.